Mvua yetu hunyesha Athi River

Joto la wiki hii halina adabu. Feni inazunguka lakini inanipulizia hewa ya moto tu, usiku nageuza mto mara tano kutafuta upande wenye baridi na hakuna, na upepo ndo umekufa kabisa, jana jioni nimepita jeti nikakuta bendera za maboti zimelala kwa mlingoti kama nguo za mtoto zilizosahaulika kwa kamba. Kaskazi imechoka, kusi haijaingia. Watu wa bahari wakati huu wanauita tanga mbili, manake chombo kinaweza kupanda ama kushuka, upepo haujaamua, na kwa vile upepo haujaamua basi kila mtu Malindi anaamua kwa niaba yake. Dereva wa tuktuk anakwambia mvua Ijumaa. Muuza kahawa anasema mwaka huu hakuna kitu, ameshauangalia mwezi. Na kwa simu usiseme, toka asubuhi nimetumiwa ile ramani ya kijani ya utabiri wa masika mara sita, mara ya sita imekuja na sauti ya mtu analia "jamani hameni, mafuriko yaja", ambayo naapa ni ileile niliyoisikia 2023.

Mi nauza mboga na matunda sokoni, na zaidi ya nusu ya nnachouza kinatoka shamba la mjomba wangu ng'ambo ya daraja la Sabaki, kwa hivo habari ya masika kwangu si ya kupigia stori barazani. Ni bamia, ni bilinganya, ni mchicha, ni tikiti. Nikikosea hesabu mwezi wa tatu nalipa mwezi wa tano. Ndo nkajifunza kuisoma hiyo ramani, polepole, kwa kukosea.

Kwanza inatoka wapi. Kila mwaka kabla ya masika wataalamu wa hali ya hewa wa nchi 11 za upande wetu huu, kuanzia Sudan mpaka Tanzania, hukutana chini ya kituo kinaitwa ICPAC, kiko karibu na Nairobi, wakatoa picha ya jumla ya mwezi wa tatu, wa nne na wa tano. Vikao hivo vilianza 1998, matope ya Elnino ya 97 bado hayajakauka miguuni. Alafu kila nchi inaenda kupika ya kwake, hapa idara ya hali ya hewa inaishusha mpaka kaunti. Kwa hivo ramani si ya mganga, ina wenyewe. Shida ni sisi tunavoisoma.

Chukua masika ya miaka 30 iliyopita, yapange kama mi nnavopanga tikiti asubuhi: kumi makubwa fungu hili, kumi ya kati hapa, kumi madogo kule mwisho. Kabla hujajua chochote, masika yanayokuja yanaweza kuangukia fungu lolote, kama 33 kwa mia kila moja. Sasa wataalamu wakiangalia joto la bahari na mengineyo wakaona mizani imeelemea upande mmoja wanaandika, tuseme, 45 juu ya wastani, 35 kawaida, 20 chini ya wastani. Basi mtu anaiona 45 anasema aa, hata nusu haijafika, hakuna mvua. Mwengine anaona kijani anafunga virago. Wote wamekosea. Mvua itanyesha tu, ni masika! Hiyo 45 inakwambia fungu la makubwa limesogea karibu na mkono, basi, na zile 55 zilizobaki bado ziko kwa mafungu mengine mawili. Ya msimu huu sitaibandika hapa, ikifika mwezi wa nne itakuwa imeshasahihishwa na nyi mtakuwa mnaizungusha ya zamani mpaka mwezi wa sita, nawajua.

Na kuna vitu viwili ramani haisemi hata ukiitegea sikio. Haisemi siku. Na haisemi mvua itashuka vipi, manake milimita mia zikinyesha wiki tatu kidogo kidogo ni mchicha, zikinyesha usiku mmoja ni choo cha shimo kimefurika na maji ya kisima hayanyweki na wiki inayofuata mnaambiwa kipindupindu. Kwa takwimu za msimu mzima ni milimita mia zilezile.

Tena masika ni kigeugeu kuliko vuli. Vuli inaburutwa na bahari, Pasifiki ikichemka na Bahari ya Hindi ikichemka upande wetu, wataalamu wanaona mapema kidogo. Masika yana watu wengi wa kuyavuruga, kuna mawimbi ya mawingu yanazunguka dunia kwa siku 30 mpaka 60, likipita hapa mnalowa, likienda zake mnakauka, na kuna vimbunga vya kule Msumbiji vinavyoweza kutunyang'anya unyevu wote. 2018 masika yalifurika. Mwaka uliofuata, 2019, Idai kikapiga Beira mwezi wa tatu, huku kwetu tukakaa tunatizama mawingu matupu na mvua ikachelewa vibaya. Alafu toka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ikafeli sehemu kubwa ya Kenya kavu na Somalia na Ethiopia, ng'ombe wakafa wamepangana barabarani, na tukadhani mvua imetuhama. Kisha mwisho wa 2023 ikarudi na hasira.

Nitafika huko. Wacha nimtaje wifi yangu kwanza, manake yeye ndo alonifanya niache kuita kijani "habari mbaya". Wifi ni wa Faza, visiwani Lamu, na kwao maji ya kunywa ni ya jabia, yale matangi makubwa ya kukusanyia mvua yenye uwanja wa saruji, mvua ikinyesha inateremka ndani na mtaa mzima unateka hapo. Masika yakiwa madogo jabia linaonyesha tumbo mwezi wa kumi na maji yanakuja kwa boti kwa pesa. Hata Lamu mjini, wanaonekana wana visima lakini ule mchanga wa Shela ndo unaowanywesha, mvua inaingia kwa yale matuta, inakaa humo, wanachota. Kwa hivo juzi mi nimemtumia wifi ile ramani na kikatuni cha kulia, yeye akanijibu "Alhamdulillahi, na izidi." Nkanyamaza. Siku mbili kabla mjomba alikuwa anaomba hiyohiyo ipunguzwe.

Sasa radi. Watu wa bara wanadhani Pwani radi ni jambo la masika yote, sivo. Radi zetu nyingi ni za sasa hivi, hizi wiki za tanga mbili, na tena kule mwezi wa kumi na moja. Bahari imepashwa moto na miezi ya kaskazi, hewa imebeba maji mpaka imechoka, hakuna upepo wa kuisogeza, basi saa za mchana inapanda juu moja kwa moja na unaliona wingu limesimama upande wa Marafa kama mnara, chini jeusi, juu limetandazika bapa. Ikishaingia kusi yenyewe, mwezi wa tano, mvua inakuwa nyingi zaidi, ndo kilele chetu, lakini tabia inabadilika, inakuja alfajiri kutoka baharini, inapiga bati, inatulia, inapiga tena, na ngurumo ni za mbali kama zipo.

Nyumbani radi ikianza mamangu anafunika kioo cha kabati na leso, anazima tivii, anachomoa friji, na ole wako ushike simu inayochaji. Kioo mi nishamwambia hakina kosa. Kuchomoa vitu kwa umeme, hapo namuunga mkono kabisa, umeme wa radi unafuata waya ukaja mpaka jikoni kwako. Na hesabu ya sekunde aliyonifundisha marehemu babangu ni ya kweli pia: ukiona mmweko anza kuhesabu, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukihesabu tatu tu, bwana, umeshachelewa kutoka uwanjani.

Kwenye shamba la mjomba kuna mnazi ulopigwa. Nlikuwepo. Hatukuona kitu kama cha kwenye filamu, ilikuwa ni kishindo kimoja kikavu, nikahisi meno yameuma, alafu harufu ya kama kiberiti na mbuzi wote wamelala chini wakatizamana. Hawakufa, wallahi, waliinuka. Mnazi wenyewe kwa siku kadhaa ulikuwa mzima, ukipita unadhani umesalimika. Wiki ya pili makuti ya chini yakaanza kuinama, ya juu yakageuka rangi ya tumbaku, baadaye kilele kikadondoka chote na umebaki mti mtupu kama nguzo ya stima, mpaka leo upo. Mjomba hataki ukatwe. Anasema huo ndo notisi kwa vijana wanaojibanza chini ya minazi mvua ikija.

Lakini radi si ndo inayonikosesha usingizi. Ni mto.

Ukiuliza mtu Nairobi Mto Athi unaenda wapi atakwambia Athi River, ule mji wa karibu na Nairobi, kama mto unaishia kwa kiwanda cha simiti. Unatelemka toka milima ya Ngong huko, unachukua Mto Nairobi na uchafu wake wote, unapita Machakos na Makueni, unazunguka nyuma ya Yatta, unaingia Tsavo, hapo unapewa jina Galana, na ukikaribia kwetu unaitwa Sabaki, mamia ya kilomita kwa jumla, unamwagika baharini hapa kati ya mji wa Malindi na Mambrui. Mto Tana angalau una mabwawa juu, Masinga na wenzake, yakijaa wanatangaza mapema kwamba wanaachia na watu wa Garsen wanapata kusikia. Sabaki hakuna wa kukutangazia, bwana. Unakuja tu.

Mwezi wa kumi na moja 2023 nlikuwa shambani. Wakati ule tulikuwa tumeambiwa Elnino, alafu mwezi wa kumi tukasikia redioni eti haitakuwa Elnino tena ni mvua za kawaida kidogo zaidi, tukapumua, mjomba akapanda tikiti nusu eka za krismasi kwenye ile ardhi ya chini ambayo ina rutuba kuliko yote. Asubuhi ile jua lilikuwa limewaka kweli, shangazi ameanika kunde kwa mkeka, hatukuwa tumeona tone kwa siku tatu. Kitu cha kwanza kubadilika ni sauti. Mto ulikuwa unanong'ona, sasa ukawa unaguna, kama lori limewashwa mbali na haliondoki. Tukaenda kuangalia, maji yamegeuka rangi ya chai iliyokosa maziwa ya kutosha, yana povu, yamebeba shina zima la mgomba, ndala, chupa za soda, chupa, chupa, chupa. Mjomba akasema yamepanda kidogo lakini ukingo bado uko juu, akaangalia mbinguni, mbinguni kweupe, akasema mashine ya maji tutaitoa jioni.

Maji hayakuja kwa mbele. Hilo ndo kosa letu, sisi tulikuwa tumesimama ukingoni tunaukodolea mto macho na maji yakaingia kwa nyuma, kuna bonde dogo mto ulipita zamani, miaka yote kavu, mbuzi wanalala humo, yakapanda kupitia hapo kimyakimya bila hata wimbi, nilijua tu pale shangazi alipopiga kelele mkeka unaelea. Na tikiti zikaanza kuinuka. Sijui kama mshawahi kuona, tikiti linaelea. Zilikatika moja moja kwa mashina yake zikawa zinazunguka polepole, za kijani, nzuri, zimebakisha wiki mbili, zikapita mbele ya macho yetu kuelekea baharini kama zimepangiwa safari. Mashine ya maji ilizama. Tuliokoa mbuzi na kunde nusu debe.

Siku ileile barabara ziliendelea kukatika huku na huku, msimu ule ya Mombasa ilikatika pale Mbogolo, na ya Lamu ikafunikwa maji upande wa Gamba, mabasi yakakwama na watu wakavushwa kwa maboti, kwa hivo hata kile kidogo nlichookoa sikuwa na wa kumuuzia bei ya maana. Na baharini usiseme, ufuo wote wa Malindi maji mekundu mpaka upeo wa macho, na kwenye mchanga taka za watu wa Nairobi zimepangana mistari. Zile chupa nlizoziona shambani zilinisubiri mjini.

Jioni ile nimempigia kakangu. Anaishi Athi River, mjini penyewe, anafanya kazi huko. Nkamwambia tumefurikiwa, akaniuliza kwani kumenyesha? Nkamwambia hata tone. Akanyamaza kidogo akasema, huku kulinyesha siku nne, usiku kucha, mtaani kwetu watu walihama. Siku nne! Alikuwa na habari yote mfukoni na hakuna aliyemuuliza, na yeye ataanzaje kutupigia simu kutuambia mvua ya kwake.

Ndo tangu hapo ramani ikija mi siangalii Malindi kwanza. Naangalia Machakos, Makueni, Nairobi, Kiambu. Huko kukiwa kijani na kwetu hata pawe kahawia, rangi ya ukavu, mjomba hapandi tikiti bondeni. 2024 masika yalivokuja tuliona vile, mwisho wa mwezi wa nne Nairobi imezama na watu wamekufa Mai Mahiu usiku mmoja, huku kwetu asubuhi jua, na mto ukaja tena siku tatu nne baadaye, mkubwa, lakini haukutukuta na mashine. Wiki ileile kukawa na kile kimbunga Hidaya, kikapiga Mafia upande wa Tanzania tarehe 4 mwezi wa tano kikiwa kimeshalegea, huku tukapata mawimbi na upepo na wavuvi wakaambiwa wasitoke, na watu walikuwa wanaogopa hicho kuliko mto. Kimbunga kamili kutufikia Malindi ni vigumu, tuko karibu mno na ikweta, kama digrii tatu tu, na huku dunia haiupi upepo msokoto wa kutosha. Mto hauna shida hiyo.

Mjomba naye, hasomi ramani, ana vijiti. Alivichonga mwenyewe baada ya 2023, vitatu, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu cha leso kuukuu ya shangazi. Cha kwanza kiko bondeni kule nyuma, si ukingoni, ukingoni hatuendi tena kuangalia. Kikilowa, mashine inatoka, hata kama ni saa nane za usiku na nyota zinawaka. Cha pili kiko kwa mstari wa kwanza wa bamia, kikilowa tunavuna kilichopo, kikubwa kidogo chote. Cha tatu kiko mlangoni pa banda la mbuzi. Hicho hakina maelezo.

Nlitaka kumalizia na habari za mitaro ya mjini, vile kila mwaka inazibuliwa baada ya mvua badala ya kabla, lakini mkifika soko la kwetu siku ya mvua mtajionea wenyewe, vaeni gambuti.

Manake leo saa moja asubuhi kakangu ametuma video. Giza, taa za gari, maji yanakata barabara, na sauti yake anasema "dada, huku ni toka jana magharibi." Nkampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kumenyesha?"

"Huko juu, ndio. Usiku kucha."

"Mmoja tu?"

"Mpaka sasa."

Nkasikia anatembea, nyasi, mbuzi, kisha kimya.

"Kijiti kikavu," akasema. "Lakini mashine naitoa sasa hivi. Tikiti zina wiki mbili bado, wewe wasemaje?"

Nje hapa jua linawaka, hata wingu la kusingiziwa hakuna. Nmemwambia tungoje video ya kesho.